Kamba ya Mafundo Manne

Nilivuka na meli ya Mkoani, sikubeba futi wala daftari.
Mkobani mlikuwa na chapati mbili, pesa za karafuu za misimu mitatu,
na kamba ya usumba, pima mbili na nusu,
niliyoifunga mafundo manne nikiwa peke yangu uani.

Saateni, nyuma ya ukuta wa mabati,
matela yamelundikwa kama mitumba, mengine pua juu,
yananuka chumvi ya bandari za watu.
Rubea, muuzaji, kijana wa manukato,
akanipeleka moja kwa moja kwenye jekundu.
"Hili, dada, limepakwa juzi."
Nikakwangua kwa ukucha. Kutu ikanichungulia.

"Unabeba nini?"
Nikacheka. Kwetu Mtambwe hilo halina jibu moja.
Masika nabeba pawatila, bonde kwa bonde,
matope yakichuruzika menoni mwake.
Kiangazi, vespa za walimu zilizofia njiani.
Mwaka jana mgeni alizamisha pikipiki yake ya magurudumu manne
huko Ngezi; tuliitoa kwa punda wawili na matusi.
Na kitanda cha harusi cha binti wa Bi Mize
kilipita mvuani chini ya turubai,
shangazi mtu amekaa juu yake, anakilinda.

"Basi unataka kubwa. Ekseli mbili, halishindwi."
Nikainyoosha kamba.
Fundo la kwanza, upana wa pawatila: likaenea,
ikabaki na nafasi ya mguu wangu.
La pili ni njia ya kwa Faki,
baina ya ukuta wake na mnazi aliokataa kuukata tangu tuko wadogo.
Hapo lile kubwa likashindwa, kwa vidole vinne tu.
Ningeliegesha barabarani,
niwaambie wateja wabebe mashine mgongoni?

Kando, nyuma ya matangi, niliona jengine.
La kijivu, halijisemei.
Mbavu zake zinachomoka kwa pini,
mlango wa nyuma ukishuka unakuwa ngazi.
Fundo la tatu ni kimo cha goti langu:
sakafu ikipita hapo, sipandishi kitu peke yangu,
na mimi ni peke yangu.
Haikupita.
Nikalala chini yake na khanga yangu,
nikagonga ekseli kwa jiwe.
Chuma kizima hujibu, kibovu hukohoa.
Hiki kilijibu.

Nikauliza breki. Rubea akatazama kwengine.
Vilima vya kwetu havisamehe;
kushuka na mzigo nyuma
ni kusukumwa na mtu usiyemwona.
"Breki hazimo. Lakini Machano, hapo uchochoroni, atafunga."
Tukapunguza bei kwa ajili ya breki,
tukapunguza tena kwa kule kutazama kwengine.

"Na fundo la nne?" Aliiona kamba bado ndefu.
Nikaivuta toka pua hadi mlangoni, ikafika,
nikaizungusha kiganjani.
"Hilo la nyumbani."

Kuna pikapu chini ya mshelisheli,
imekaa juu ya matofali tangu Asaa aende Maskati.
Kuku wanataga kwenye kiti cha dereva.
Miaka sita nimeanika karafuu kwenye bodi yake.
Nikiulizwa husema, akirudi ataitengeneza.

Jumapili tuliipandisha.
Winchi ililia, kuku wakalia zaidi,
ngazi ikapinda kidogo, ikavumilia.
Kamba haikukosea, ila sikuwa nimepima vioo:
kimoja kimebaki kwenye mnazi wa Faki.

Ilipokuwa, ardhi ilikuwa kavu, imepauka,
na yai moja katikati.
Nikalitia mfukoni,
nikazunguka nyuma kuangalia kama pini zimefungwa.